Biskuti za umbo la gari zisizotandaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanayauliza sana kuhusu biskuti za magari, hasa wale wanaoandaa birthday ya mtoto anayependa magari na wanataka tairi lionekane tairi. Mengi yanahusu oveni lakini ukisoma majibu utaona kazi kubwa inafanyika kabla hata hujaiwasha, mi naamini umbo la biskuti linaamuliwa mezani na kwenye friji.

Kwanini gari linaingia oveni likiwa gari alafu linatoka halieleweki?

Sababu ni siagi. Siagi inayeyuka mapema sana, kwenye nyuzi 32 mpaka 35 hivi za Selsiasi imeshakuwa mafuta ya maji, wakati yai na unga vinakuja kushika baadaye joto likishapanda sana. Sasa hapo katikati kuna muda ambao mafuta yamelegea na hakuna kinachoishikilia biskuti, ndo muda huo inatandaa. Sukari nayo inayeyuka inaongeza majimaji, na kama umeweka beking pauda basi inavimba juu kisha inashuka kwa pembeni. Kila kitu utakachosoma hapa chini kinalenga kuufupisha huo muda tu, donge liingie likiwa baridi kabisa, oveni iwe na moto wa kweli, na ndani kusiwe na kitu cha kuumusha.

Na gari lina shida yake ya peke yake. Duara au moyo ukitanuka milimita 3 kila upande bado ni moyo, umenenepa tu. Gari lina ule uwazi chini kati ya tairi la mbele na la nyuma, lina ncha za bampa, lina kona pale kioo cha mbele kinapokutana na boneti, na uwazi kama huo unajaa kutoka pande zote kwa wakati mmoja, kwahiyo milimita 3 tu zinatosha kulifanya gari lote liwe kipande cha mkate. Ndo maana mapishi yaliyokukubalia kwenye nyota au maua yanaweza kukuangusha kwenye magari.

Basi nipe vipimo vinavyoshika umbo

Siagi gramu 225, sukari nyeupe gramu 200, yai 1, vanila vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, unga wa ngano gramu 400. Basi. Hakuna beking pauda, hakuna maziwa. Ukikata magari ya urefu wa sentimita 9 hivi na unene wa milimita 6 unapata karibu biskuti 30.

Ukitaka kona kali zaidi toa gramu 30 za unga weka gramu 30 za konifulawa (wanga mweupe wa mahindi, sio unga wa ugali), inalainisha biskuti mdomoni na kingo zinatoka safi. Wengine wanatumia sukari ya aisingi badala ya sukari ya kawaida na inafanya kazi vizuri sana, biskuti haitandai sana na uso unakuwa laini wa kupambia, ila ladha inakuwa ya upole na biskuti haiwi na ule ukavu mtamu wa kuvunjika kwa sauti. Mi nachagua sukari ya kawaida iliyo laini laini kwasababu biskuti ni ya kuliwa pia, sio ya kuangaliwa tu.

Sukari ya kahawia iache kwenye hizi. Ina molasi, inabeba unyevu, na unyevu ndo huo huo unaotandaza.

Mbona karibu kila mapishi yana beking pauda, we unasema tusiweke?

Kwasababu mapishi mengi yanatafuta biskuti iliyovimba na laini, hicho ni kitu kizuri ila sicho tunachotafuta hapa. Beking pauda inatoa gesi, gesi inasukuma juu na pembeni, na uso unabaki na mawimbi ambayo hata ukipaka aisingi yanaonekana. Kama kweli unaona biskuti bila beking pauda ni ngumu mno kwako basi weka nusu kijiko cha chai kwa vipimo vya hapo juu, usizidishe. Magadi soda hapana kabisa, yanaongeza kutandaa na yanafanya rangi iive haraka.

Naweza kutumia majarini?

Ya kipande kigumu ndio, ile yenye mafuta asilimia 80 hivi, siagi yenyewe iko karibu na hapo. Majarini laini ya kopo ya kupakia mkate usiitumie, nyingi zina maji mengi na zinalegea hata ukiwa bado unasukuma, gari litaanza kupoteza umbo hata oveni halijaiona. Ukitumia siagi ya chumvi acha ile nusu kijiko ya chumvi.

Siagi na sukari nazipiga kwa muda gani?

Hapa ndo wengi wanaharibu bila kujua maana tumezoea keki, kwenye keki unapiga mpaka inakuwa nyeupe na nyepesi kwasababu unataka hewa. Kwenye biskuti za umbo hewa ni adui, inavimba kwenye joto inakutolea mapovu juu ya boneti. Siagi iwe imelainika ukibonyeza kidole kinaacha alama lakini haing'ai wala haijaanza kuyeyuka, nyuzi 18 mpaka 20 hivi, alafu changanya na sukari mpaka vishikane tu, dakika moja na mikisa ya taratibu inatosha au mwiko wa kawaida. Weka yai na vanila, changanya, kisha unga wote na chumvi, na ukishaona hakuna unga mkavu acha. Usikande kama unakanda chapati! Ukikanda sana ngano inatengeneza ule mnato wa kuvuta, na donge linalovuta linajirudi, unakata gari refu linatoka fupi na limekunjamana.

Donge sahihi linakuwa kama udongo wa kuchezea watoto, halinati vidoleni na halipasuki ukilikunja. Likinata ongeza unga kijiko kimoja kimoja, likipasuka paka maziwa kidogo sana mikononi ulishike shike.

Sina mizani, vikombe si vinatosha?

Vinatosha kama unajua unavyopima. Tatizo ni kwamba kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 au kikafika 150 na zaidi kutegemea umechota vipi, ukichovya kikombe ndani ya unga na kukandamiza unapata mwingi, ukimimina kwa kijiko na kusawazisha kwa kisu unapata kidogo. Kwenye vikombe vitatu hiyo tofauti ni kubwa, ni tofauti ya gari na chapati. Bila mizani mimina kwa kijiko, vikombe vitatu na robo hivi, kisha angalia donge lenyewe linakwambiaje. Lakini kama unapanga kuoka mara kwa mara nunua mizani kabla ya kununua vikatio vingine, nasema kwa moyo wote.

Donge liingie friji kabla ya kusukuma au baada?

Baada. Ukiweka bonge zima friji kwa saa mbili linakuwa jiwe, unalipiga piga na fimbo ya kusukumia, linapasuka pembeni, ukilisubiri lilainike nje linalainika na katikati bado gumu. Njia rahisi ni hii: gawa donge mara mbili, kila nusu iweke kati ya karatasi mbili za kuokea, isukume ikiwa bado laini mpaka unene wa milimita 6, kisha hiyo shuka, yaani donge lililosukumwa bapa, pamoja na karatasi zake ilaze bapa kwenye friji dakika 45 mpaka saa moja. Shuka nyembamba inapoa haraka na inapoa sawa kila mahali. Na kwakuwa umesukumia kati ya karatasi hujamwaga unga mezani, unga wa ziada unakausha donge na kuacha mabaka meupe.

Kwa unene, chukua vijiti viwili vya mbao vya unene wa milimita 6 uviweke pande mbili za donge, fimbo ikiviegemea haiwezi kushuka zaidi, shuka yote inatoka sawa. Nyembamba kuliko milimita 5 sishauri kwa magari, tairi na bampa zinaungua kabla bodi haijaiva.

Kila nikiinua gari kulipeleka kwenye trei tairi linavutika. Nifanyeje?

Usiliinue! Hili ndo jibu ninalolipenda kuliko yote kwenye ukurasa huu maana linabadilisha kila kitu. Shuka ikitoka friji bandua karatasi ya juu, irudishie kidogo, geuza shuka, bandua ile ya pili ambayo sasa iko juu, hapo donge limelala bila kung'ang'ania. Kata magari palepale ukiacha nafasi ya sentimita 3 kati ya moja na jingine, alafu badala ya kutoa gari toa mabaki yanayolizunguka. Vuta vipande vya pembeni taratibu, ule uwazi wa kati ya tairi utoe kwa ncha ya kisu au kijiti cha meno, kisha karatasi nzima na magari yake itelezeshe kwenye trei. Gari halijaguswa na mkono, halijavutika, halina alama ya kidole.

Kweli unapoteza nafasi kidogo na mabaki yanakuwa mengi kuliko ukikata kwa kubananisha. Nakubali hiyo gharama kila siku.

Na hayo mabaki?

Yapange juu ya mengine kama matabaka, yabonyeze, sukuma tena kati ya karatasi, rudisha friji. Usiyafinyange kuwa bonge ukaanza kukanda. Mzunguko wa kwanza na wa pili uko sawa, wa tatu donge limeshachoka, hayo tengeneza tairi ndogo za duara za ziada au barabara.

Kikatio gani kinafaa?

Chagua chenye tairi zinazotokeza kwa upana, angalau sentimita 2 kila tairi, na uwazi wa kati usiwe mwembamba sana. Vile vikatio vizuri vyenye vioo vya pembeni vilivyochomoza na ekzosi nyuma ukivitazama dukani vinavutia lakini kile kidude cha milimita 4 kinaungua au kinakatika ukibandua. Lori, pikapu na basi ni rahisi kuliko gari dogo la michezo kwasababu zina mistari mirefu iliyonyooka, kama ni mara yako ya kwanza anza na basi.

Huna kikatio chora gari kwenye kadibodi ngumu, kata, ifunike karatasi ya kuokea, weka juu ya donge baridi pitisha kisu kikali pembeni yake. Kisu kikate kwa kushuka chini, usikiburuze, ukiburuza donge linafuata kisu. Kona za ndani zizungushe kidogo kwenye mchoro wako, kona kali ya ndani ndo inayojaa kwanza.

Kuna namna ya kupata tairi zilizosimama kabisa, zisizoungana na bodi?

Ndio, zioke peke yake. Kata bodi ya gari bila tairi, chini kuwe na mstari tu ulionyooka, alafu kata viduara vya sentimita 2 mpaka 3 kwenye donge la kakao lililosukumwa milimita 3 au 4. Bodi inaiva kwa muda wake na tairi kwa wake, kama dakika 6 mpaka 8, zikipoa unazibandika kwa aisingi nzito. Tairi linatokeza mbele, lina rangi yake nyeusi bila kupaka rangi, na hakuna kinachoweza kutandaa kikafunga uwazi maana uwazi haupo. Kwa donge la kakao toa gramu 40 za unga kwenye vipimo vya juu weka kakao gramu 40, kakao inanyonya majimaji sana hivyo donge likiwa kavu ongeza kijiko cha chai cha maziwa.

Oveni nyuzi ngapi na dakika ngapi?

Nyuzi 180 kwa oveni ya kawaida, 160 kama ina feni. Iwashe dakika 20 kabla, sio tano, maana taa ikizima inamaanisha hewa imefika, kuta bado. Moto mdogo hauziokoi biskuti kama watu wanavyodhani, unazitandaza, mafuta yanapata muda mrefu wa kuyeyuka kabla umbo halijashika. Kama una themometa ya oveni itumie, oveni nyingi zinasema 180 ziko kwingine kabisa.

Kabla ya kuingiza, trei yenye magari yaliyokatwa iweke friza dakika 15, nafasi haitoshi weka friji dakika 30. Usiruke hii hatua hata kama donge lilikuwa friji mwanzo, ulipokuwa unakata mikono na chumba vimeshalipasha. Kisha oka trei moja katikati, dakika 9 mpaka 12. Angalia kingo, zikianza tu kushika rangi na uso wa katikati umeacha kung'aa toa, zitakuwa bado laini, zinakauka zikipoa. Ukisubiri zigumu ndani ya oveni umeshachelewa.

Magari makubwa trei yake na madogo trei yake. Na trei ya pili isiwe ya moto! Ukitoa biskuti za kwanza ukaweka donge baridi kwenye trei ile ile ya moto siagi inayeyuka chini palepale, ipoze kwanza au uwe na mbili.

Nipake mafuta kwenye trei?

Hapana, mafuta yanaipa biskuti njia ya kuteleza. Karatasi ya kuokea inatosha. Mkeka wa silikoni wenye matundu madogo ni mzuri zaidi, donge linashika na mvuke unatoka chini, ule laini usio na matundu unateleza kidogo.

Zimetoka na zimetanuka kidogo, ndo basi?

Una kama dakika moja biskuti zikiwa bado za moto. Chukua kikatio kile kile kiweke juu ukate ukingo uliozidi, au sukuma pembeni taratibu kwa ubapa wa kisu. Povu limetokea juu libonyeze kwa kitu bapa, chini ya glasi inafaa. Zikishapoa huwezi tena, zitapasuka.

Ndo maana nashauri uoke gari moja peke yake kabla ya trei nzima. Likitoka liweke kikatio juu, kikiingia bila kubana endelea. Limetanuka sana ongeza vijiko viwili vya unga kwenye donge lililobaki au lipoze zaidi, na uangalie joto la oveni kwanza kabla hujalilaumu donge.

Madirisha ya kioo yale ya pipi yanafanywaje?

Kwa pipi ngumu zinazopitisha mwanga. Zitwange ndani ya mfuko ziwe chenga. Kata dirisha kwenye gari baridi kwa kisu kidogo, acha nguzo kati ya dirisha na dirisha isiyopungua milimita 6, nyembamba zaidi inakatika. Oka gari dakika 6 au 7 bila pipi, toa trei, jaza chenga mpaka usawa wa biskuti, rudisha dakika 3 au 4 zikiyeyuka tu toa. Zikikaa sana zinachemka, zinaweka mapovu na rangi ya kahawia. Usiguse wala kumpa mtoto aguse, sukari iliyoyeyuka inaunguza vibaya na inang'ang'ania ngozi. Acha kwenye karatasi mpaka ipoe kabisa ndo ubandue. Kisha hifadhi kwenye kopo linalofunga, pipi zinavuta unyevu wa hewani zinaanza kunata.

Aisingi ya kupamba inakuwaje nzito na nyepesi?

Sukari ya aisingi gramu 450 na ute wa mayai 2, piga mpaka isimame. Ute mbichi una hatari ya salmonela, kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee tumia ute uliopasteurishwa (uliopashwa joto kuua vijidudu) au unga wa ute wa yai. Aisingi nzito kama ilivyo ndo ya kuchora mpaka wa gari na kubandika tairi. Ya kujazia ongeza maji matone kwa matone mpaka ukichora mstari juu yake kwa kisu unapotea baada ya sekunde 10 mpaka 15. Chora mpaka, acha dakika 15, jaza, kisha ngoja ikauke saa 8 mpaka 12 kabla ya kuweka rangi nyeusi au nyekundu karibu na nyeupe, hizo mbili zinavuja sana.

Sina oveni, sufuria inawezekana?

Inawezekana, kwa sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Weka kistendi ndani ili trei isiguse chini, pasha tupu dakika 15 kwa moto wa wastani kisha weka magari machache yaliyotoka friza. Moto unatoka chini tu kwahiyo juu hapatashika rangi, angalia chini ya biskuti, usisubiri juu.

Watoto wanataka kula donge bichi

Wakatazwe, sio kwa ajili ya yai tu, unga mbichi nao unaweza kuwa na bakteria. Wape kazi ya kukata, wanaipenda.

Naweza kuandaa mapema?

Sana tu. Magari yaliyokatwa yagandishe bapa kwenye friza, yakishakuwa magumu yapange kwenye kopo na karatasi kati ya tabaka, yanakaa mpaka miezi 3. Yaoke yakiwa yameganda hivyo hivyo, ongeza dakika 1 au 2, na kusema kweli hizi ndo zinazotoka na kona safi kuliko zote. Zilizookwa bila mapambo zinakaa wiki 2 kwenye kopo lililofungwa, ila zipoe kabisa kwanza, ukizifunga zikiwa na uvuguvugu mvuke unazilainisha na tairi ndo zinaanza kukatika.